Anayekoroma Hajisikii

Mtu aliyezama usingizini tunasema amelala usingizi wa pono, na katika nyumba nyingi ushahidi wa kuzama huko ni mkoromo. Baba akikoroma hadi watoto wa chumba cha pili wakaanza kumuigiza, mama huwaambia wamwache, amechoka, leo amelala. Kwetu mkoromo umekuwa sauti ya shibe na ya kazi iliyofanywa sawasawa. Kwa watu wengi tafsiri hiyo imepindua ukweli. Mkoromo mkubwa unaokatwa na kimya cha ghafla, kisha kishindo, ni sauti ya mtu anayekabwa, na mwenye habari hiyo si mgonjwa wala daktari wake, ni yule anayelala kando yake. Kliniki zetu za presha na kisukari hupima karibu kila kitu cha mgonjwa isipokuwa usiku wake. Ninachodai hapa ni kwamba zinaweza kuanza kuuliza habari za usiku huo kesho asubuhi, bila kusubiri bajeti wala mashine, mradi zimuulize mtu anayestahili kuulizwa.

Tuanze na koo lenyewe. Kuanzia nyuma ya pua hadi juu ya kisanduku cha sauti, njia ya hewa imezungukwa na nyama laini: ulimi, kaakaa laini, kimeo, mafindofindo. Tukiwa macho, misuli huishikilia njia hiyo ikae wazi. Usingizi ukiingia misuli hulegea, na kwa mtu mwenye shingo nene, au taya dogo lililorudi nyuma, au mafindofindo makubwa, njia hubana. Hewa ikipenya kwa shida nyama hutikisika, na huo ndio mkoromo. Njia ikijifunga kabisa, mkoromo hukatika. Kifua na tumbo huendelea kuhangaika kuvuta lakini hakuna kinachoingia. Oksijeni katika damu hushuka, mwili hupiga mbiu ya hatari, presha hupanda, mpaka ubongo unazinduka kwa sekunde chache, kiasi tu cha kuikaza tena misuli ya koo. Mtu hushtuka, hukoroma kwa kishindo, hugeuka upande, moyo ukienda mbio, halafu hulala. Madaktari huhesabu kila mara pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 29 ni wa wastani, na kuanzia 30 ni mkali. Mwenye matukio 30 kwa saa, akilala saa saba, amekabwa mara 210 kabla ya kupambazuka. Asubuhi hakumbuki hata moja. Anachojua ni kwamba kichwa kinauma, kinywa kimekauka, usiku aliamka mara tatu kwenda haja ndogo, na kwamba amelala saa zake zote lakini anasinzia kwenye daladala kabla haijafika kituo cha pili.

Wengine watasema hili tunalijua, ni jinamizi. Hapana. Aliyekabwa na jinamizi akili yake iko macho huku mwili umekufa ganzi. Anahisi kitu kimemkalia kifuani na hawezi kupiga kelele. Hofu ya Popobawa iliyoitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995 imehusishwa na wachunguzi kadhaa na hali hiyo hiyo. Lakini jinamizi lina sifa moja ambayo ugonjwa huu wa kukatika pumzi usingizini hauna: mtu hulikumbuka lote, na kunapokucha mtaa mzima umeshasikia. Anayekatika pumzi usingizini hana la kusimulia. Ndiyo maana hata tiba ya kisasa ilichelewa mno kuuona ugonjwa huu. Watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani walianza kupima pumzi za watu waliolala mwaka 1965, na Christian Guilleminault wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na wenzake wakaueleza kwa ukamilifu mwaka 1976. Karne nyingi za uganga na udaktari zilipita kabla ya hapo, kwa sababu mgonjwa akiingia chumba cha daktari huwa yuko macho na anapumua vizuri kabisa.

Ulipoanza kutafutwa, ulionekana umejaa. Uchunguzi wa wafanyakazi wa jimbo la Wisconsin, Marekani, wenye umri wa miaka 30 hadi 60, uliochapishwa mwaka 1993, ulikuta asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake wana matukio matano au zaidi kwa saa. Waliokuwa pia na usingizi wa mchana uliopindukia walikuwa asilimia 4 na asilimia 2. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti kilikadiria kuwa watu wazima milioni 936 duniani, wa miaka 30 hadi 69, wana hali hii kwa kiwango fulani, na milioni 425 kati yao wana ya wastani au kali. Hayo ni makadirio, na mtu ana haki ya kuyatilia shaka. Yasiyo na shaka kubwa ni mahusiano ya ugonjwa huu na presha. Watu wale wale wa Wisconsin walipofuatiliwa kwa miaka minne, wenye matukio 15 au zaidi kwa saa walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuwa na presha kuliko wasio na tukio lolote, hata baada ya unene, umri na sigara kuwekwa kwenye hesabu. Na huko Brazil, wagonjwa 125 ambao presha yao ilikataa kushuka kwa dawa walipolazwa wakapimwa usiku, asilimia 64 yao walikutwa wanakatika pumzi.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia Afrika Mashariki kwa miguu miwili. Uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 na ule wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima wana presha. Unene nao umepanda: takwimu za Kenya za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopindukia. Mtu anakuja kliniki, anapimwa uzito, anafungwa kile kitambaa mkononi, anaandikiwa amlodipini. Mwezi wa tatu anaongezewa losartani. Mwezi wa sita anaongezewa dawa ya kukojosha, na presha bado imekaa pale pale. Sasa zinaanza lawama: mgonjwa hanywi dawa, mgonjwa anakula chumvi, mgonjwa ana mawazo. Mara nyingi mojawapo ni kweli. Lakini mtu anayekabwa mara mia mbili kila usiku anapandishwa presha kila usiku na koo lake mwenyewe, na hakuna mahali kwenye kadi yake palipoandikwa swali la usiku analalaje.

Swali lenyewe lipo tayari. Katika hospitali zetu, ukisema daktari wa usingizi, kila mtu anaelewa yule anayekulaza kwa dawa kabla ya upasuaji. Usingizi wa kawaida, ule wa nyumbani, katika hospitali nyingi hauna daktari wala jina la daktari. Sadfa ni kwamba dodoso linalotumika zaidi duniani kuuchuja ugonjwa huu lilitungwa na daktari wa usingizi wa aina hiyo hiyo, Frances Chung wa Toronto, Kanada, na wenzake, likachapishwa mwaka 2008, kwa sababu wataalamu wa nusukaputi wanaogopa sana koo linalojifunga. Lina maswali manane ya ndiyo na hapana: unakoroma kwa sauti, unachoka mchana, kuna mtu amekuona ukikatika pumzi, una presha, uzito wako umezidi mno, umepita miaka 50, shingo yako imezidi sentimita 40, wewe ni mwanamume. Ndiyo tatu zinatosha kumtilia mtu shaka. Tano au zaidi ni hatari kubwa. Kifaa kinachohitajika ni futi ya fundi cherehani.

Dodoso hilo lina udhaifu, na udhaifu huo ndio unaoipa nguvu hoja yangu. Mwanamume yeyote wa miaka 51 mwenye presha ana ndiyo tatu kabla hajafungua mdomo. Tukiwapeleka wote hao kwenye vipimo tutafilisika bila kutibu mtu. Maswali yanayoanza kuwatenganisha walio hatarini kweli na wasiokuwa hatarini ni yale mawili ambayo mgonjwa hawezi kuyajibu: unakoroma kiasi gani, na je, pumzi hukatika? Muulize mwenyewe atasema hakoromi, au anakoroma kidogo akichoka. Muulize mkewe. Atakuigizia pale pale sauti yake, atakuonyesha kwa vidole muda wa kile kimya, na huenda akakwambia kwamba kuna usiku humsukuma ubavuni kwa hofu kwamba hatavuta tena. Maelezo hayo yana uzito mkubwa, na huwa tunayaacha nje kwenye benchi la kusubiria, yamekaa na kikapu cha chakula.

Najua kuna atakayesema mambo ya chumbani hayatoki nje. Hiyo ni adabu ya kweli na si ya kudharauliwa. Lakini kliniki za wajawazito ziliwahi kukutana na ukuta huo huo, na kwa mambo mazito kuliko mkoromo: baba aliitwa aje apime virusi vya Ukimwi pamoja na mama. Mwanzoni wengi waligoma. Leo katika vituo vingi ni jambo la kawaida. Kumwita mke au mume aje kliniki ya presha mara moja tu, aulizwe faragha maswali mawili, ni ombi dogo kuliko lile.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Kuna faida gani, watu huuliza, ya kumwambia mtu ana ugonjwa ambao tiba yake ni mashine ya dola mia kadhaa? Mashine hiyo, inayofahamika hospitalini kwa herufi CPAP, ilibuniwa na Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliyechapisha matokeo ya wagonjwa watano wa kwanza mwaka 1981. Inasukuma hewa ya kawaida kupitia barakoa ya puani, na msukumo huo hulizuia koo lisijifunge. Haiponyi, inafanya kazi usiku inapovaliwa, kama miwani. Kabla yake, aliyezidiwa alitobolewa koo. Ni kweli kwamba wengi wetu hawataimudu, na kwamba umeme unakatika, ingawa bila kile kiongeza unyevu chake huhitaji takriban wati 30 hadi 60, kiasi ambacho betri na sola huweza kubeba. Kosa la pingamizi hili ni kudhani kwamba mashine ndiyo tiba yote. Watafiti wa Wisconsin waliona kwamba mtu akipunguza asilimia 10 ya uzito wake, matukio hupungua kwa takriban asilimia 26, na akiongeza asilimia 10 yanapanda kwa asilimia 32. Kuna wengi ambao koo lao hujifunga wakilala chali tu. Kuwafundisha walale ubavu, hata kwa kushonea mpira mdogo mgongoni mwa fulana, ni tiba yenye msingi. Pombe ya usiku na vidonge vya usingizi hulegeza misuli ile ile inayotakiwa kukaza, kwa hiyo kuviacha ni tiba. Daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, kinachowafaa wengi wenye ugonjwa mwepesi na wa wastani. Katika jaribio la Uswisi la wagonjwa 25, baadhi yao walifundishwa kupiga didgeridoo, lile zumari refu la wenyeji wa Australia, na hao waliofanya mazoezi kwa miezi minne wakapata nafuu, huenda kwa kuwa koo lilipata nguvu. Wapiga zumari wetu wasikimbilie kufungua zahanati. Lilikuwa jaribio dogo.

Kuna tiba moja ya kwetu ambayo lazima ilaaniwe waziwazi: kukata kimeo. Bado wapo wanaoamini kwamba kimeo kirefu ndicho chanzo cha kikohozi, kukabwa na kukoroma, na wapo wanaokikata kwa wembe majumbani, hata kwa watoto wachanga. Koo hujifunga mahali pengi, mara nyingi nyuma ya ulimi, na kuondoa kile kinyama hakufungui njia. Kinachobaki ni damu, maambukizi, na kwa wengine kifo. Hata upasuaji wa hospitali wa kukata kaakaa laini kwa watu wazima una matokeo ya bahati nasibu. Na sindano za kupunguza unene, ambazo mwezi Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu aina yake moja, tirzepatidi, itumike kwa watu wazima wanene wenye ugonjwa huu wa wastani au mkali, ni habari njema, ila bei yake iko juu kwa wengi wetu.

Wako pia wanaopinga kwa ushahidi wa kitaalamu, na hao wanastahili jibu la heshima. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa nchi saba, uliohusisha watu 2,717 wenye maradhi ya moyo au waliowahi kupata kiharusi, na ambao hukatika pumzi usingizini. Nusu walipewa mashine, nusu hawakupewa. Baada ya wastani wa miaka 3.7, vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi havikutofautiana. Mtu akisema kwamba hapo tiba imeanguka, nusu ya kauli yake naikubali. Ni makosa kuwauzia watu mashine hii kama kinga ya kiharusi, na wanaofanya hivyo wanapita mipaka ya ushahidi. Ila tusome utafiti wote. Washiriki waliivaa mashine kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, chini ya nusu ya usingizi wa kawaida. Waliokuwa wanasinzia kupita kiasi hawakuingizwa kabisa, ilhali hao ndio wanaohitaji tiba zaidi. Na waliotibiwa walipungukiwa na usingizi wa mchana na mkoromo, walipata nafuu ya hisia na hali ya maisha, na walikosa kazini siku chache kuliko wenzao. Kwa presha sugu, jaribio la Hispania la mwaka 2013 lenye wagonjwa 194 lilionyesha presha ikishuka kwa takriban milimita 3 za zebaki baada ya wiki 12. Si kushuka kwa kushangiliwa, lakini ni nyongeza kwa mtu ambaye dawa tatu zimemshinda. Sababu kubwa ya kutibu ugonjwa huu, kwa maoni yangu, ni mchana wa mgonjwa kuliko moyo wake.

Na mchana huo unatuhusu sote, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa wameshika usukani. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa dereva mwenye ugonjwa huu ana hatari ya ajali zaidi ya mara mbili ya wengine. Katika kampuni moja kubwa ya malori ya Marekani, madereva waliogunduliwa wakakataa kutumia mashine walipata ajali mbaya zinazozuilika mara tano zaidi ya wenzao, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2016. Walioitumia walikuwa sawa na madereva wazima. Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, au ya Mombasa hadi Malaba, inapitwa usiku na mchana na watu wa umri na maumbo hayo hayo. Tunawahimiza wapumzike, nao wanapumzika, wanaamka wamechoka, wanatafuna mirungi au kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili waendelee. Kwa dereva wa namna hii sheria ya saa za kupumzika haitoshi, maana kupumzika kwenyewe ndiko kunakomchosha. Na shahidi wake hayuko nyumbani. Ni utingo, au tanboi kama wasemavyo Kenya, anayelala naye kwenye kabini na anayejua vizuri kuliko mke jinsi bosi anavyokata pumzi.

Utasikia kwamba dereva akiulizwa atadanganya asipoteze mkate, na utingo hatamchongea. Ni kweli, iwapo kugunduliwa kunamaanisha kufukuzwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitakiwa, kuanzia mwisho wa 2015, kumpeleka kwa daktari kila dereva anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu wa wastani au mkali kabla ya kupewa au kuhuishiwa leseni, lakini anayetibiwa na kudhibitiwa huruhusiwa kuendelea kuendesha. Utaratibu wowote hapa usiokuwa na mlango huo wa kurudi kazini utazaa uongo, na ni bora usiwepo.

Neno kuhusu wanawake. Kwao mkoromo ni aibu, kwa hiyo wengi huuficha, na wengi hawakoromi kwa kishindo. Huja na uchovu, maumivu ya kichwa, usingizi wa kukatikakatika, wakaambiwa wana mawazo. Baada ya hedhi kukoma ugonjwa huongezeka. Mume aulizwe, naye ajibu bila dhihaka. Kwa watoto habari ni nyepesi zaidi: mtoto anayelala kinywa wazi, anayekoroma kila usiku na kutokwa jasho, aliyerudi nyuma darasani, mara nyingi ana nyama za puani na mafindofindo makubwa, na upasuaji wa kuviondoa, ambao hufanywa katika hospitali zetu kubwa, huwasaidia wengi wao. Mtoto ana bahati moja: mama humsikiliza usiku. Mtu mzima hana mama chumbani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara za afya ni mistari miwili tu kwenye kadi ya kliniki ya presha na kisukari, mmoja wa kipimo cha shingo na mwingine wa maneno ya anayelala na mgonjwa. Watakaoonekana hatarini wapimwe kwanza kwa kipima oksijeni cha kidoleni kinachorekodi usiku kucha nyumbani, na wachache watakaobaki ndio wapelekwe kwenye vipimo vikubwa. Nawe msomaji, kama unameza dawa za presha na bado unasinzia mchana, kliniki ijayo usiende peke yako.